Usukani Ndio Unaochagua Mchezo

Ukiniuliza ununue mchezo gani wa video wa mbio za magari kwa ajili ya usukani wako wa kuchomeka kwenye konsoli, nitaanza na swali lisilohusu magari hata kidogo: umeme mtaani kwenu hukaa muda gani kabla haujakatika? Swali la pili litahusu mega za intaneti. La tatu ndilo litagusa magari, na hata hapo sitajali kama unapenda Ferrari au Porsche. Nitataka kujua kama unaweza kuivumilia Toyota ndogo inayokwenda polepole, kwa kuwa humo ndimo mikono inamojifunza kusikiliza.

Hapa Lubumbashi konsoli, yaani mashine ya michezo kama PlayStation au Xbox, ni ya kuchezea mpira. Ingia sale yoyote ya michezo, yaani ukumbi wa kulipia, Katuba au Kamalondo, utakuta manete mbili (vidhibiti vya kushika mkononi), benchi moja, na vijana wanaosubiri zamu huku wakimtukana kipa. Mchezo wa magari huwekwa pale mwenye sale anapotaka kupumzika na kelele. Kwa hiyo anayenunua usukani hapa ananunua kitu ambacho jirani zake hawajawahi kukigusa. Hana wa kumwuliza. Anauchomeka na kuwasha mchezo wa magari anaoupenda tangu zamani, na mara nyingi mchezo huo ni Need for Speed. Baada ya jioni moja anatangaza kwamba usukani ni mgumu, kwamba manete ni bora, na kitu cha dola nyingi kinapandishwa juu ya kabati.

Kwa mchezo ule, hajakosea. Michezo ya namna hiyo imetengenezwa kwa kidole gumba. Kidole kinatoka kushoto kabisa hadi kulia kabisa kwa kupepesa jicho, na gari la kwenye skrini limeandaliwa kupokea amri kama hizo: gusa breki, tupa mkia, kanyaga mafuta, kona imekwisha. Usukani wa digrii 900 unazunguka mara mbili na nusu toka mwisho hadi mwisho. Ukitaka kumwigiza kidole gumba kwa mikono miwili utaumia mabega, na gari litakuwa limeshapita ukuta. Forza Horizon 5, iliyofika PlayStation 5 mwezi Aprili 2025, ni ya ukoo huohuo ingawa ina adabu zaidi: kwa usukani utatalii barabara za Meksiko kwa raha zote, lakini siku ya kushindana mwenye manete atakuacha.

Sasa, kabla ya kugusa diski, hakikisha usukani wenyewe unaelewana na konsoli yako. Nyingi zinazofika kwetu ni za mtumba, zimetoka Ulaya au Dubai, au zimeletwa na ndugu aliyerudi kutoka Johannesburg, na boksi limepotea njiani. Logitech G27 ya mwaka 2010 ni usukani mzuri sana, na ukiuona sokoni bei yake itakuvuta. Lakini ni wa PlayStation 3 na kompyuta. PlayStation 4 haiutambui. G29 ya mwaka 2015 inakwenda na PlayStation 3, 4 na 5. G920 inafanana nayo kama pacha, ila ni ya Xbox, na hakuna waya wala maombi yatakayoiingiza PlayStation bila kifaa kingine cha kuidanganya konsoli. Kwa Thrustmaster ni hivyohivyo: T150 ya PlayStation, TMX ya Xbox. Muuzaji atakuambia inaingia zote. Mwambie awashe mbele yako.

Akiiwasha, tazama jambo moja. Usukani wenye mota, ukipata umeme na konsoli ikiutambua, hujizungusha wenyewe: unakwenda hadi mwisho upande mmoja, unakwenda upande wa pili, kisha unarudi katikati. Usipojizungusha, ama mota imekufa ama haikuwahi kuwepo. Thrustmaster T80 haina mota, inarudishwa na mpira uliomo ndani. Hori Apex nayo haina, inatetemeka tu. Hizo ni manete za mviringo. Mtoto atazifurahia, lakini usipoteze akili kumchagulia mchezo mtu mwenye usukani wa aina hiyo. Wowote utafaa, na hakuna utakaofaa kweli.

Mota ndiyo habari yote.

Katika gari la kweli magurudumu ya mbele yamefungwa kwa mwinamo ambao unayafanya yatake kunyooka yenyewe gari likitembea. Ndiyo maana ukitoka kwenye kona na kulegeza vidole, usukani hurudi bila kuombwa. Uzito unaousikia mikononi unatoka kwenye tairi inayoishika barabara. Tairi za mbele zikianza kushindwa, uzito huo unapungua ghafla, na unapungua mapema, kabla macho hayajaona kwamba pua ya gari haifuati tena kona. Kila shofea wa mji huu anaijua hali hiyo bila kuwa na jina lake: mvua za kwanza zinapolowanisha vumbi jekundu la kiangazi, usukani unakuwa mwepesi, na mguu wenyewe unaacha mafuta.

Mchezo uliotengenezwa kwa heshima unapiga hesabu ya tairi hizo mfululizo na kuipeleka kwenye mota, nayo mota inasukuma mikono yako. Mchezo mvivu unaweka mvuto mmoja tu wa kurudisha usukani katikati, na kukuongezea mtetemo ukigonga ukuta. Kwenye picha za boksi yote miwili inang'aa sawasawa. Tofauti utaijua ukiwa umekaa kitini.

Kwa hiyo mchezo nisioujua naujaribu hivi. Nachukua gari la polepole kuliko yote yaliyomo, naingia kwenye kona ndefu kwa gia ya tatu, na naendelea kuukunja usukani kidogokidogo kupita inavyohitajika. Ukiwa mzito, mzito, kisha ghafla ukawa mwepesi, mchezo huo unasema kweli. Ukibaki na uzito uleule mpaka gari linatoka nje ya barabara, naurudisha. Halafu nachukua gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, nakanyaga mafuta vibaya makusudi, na kulegeza mikono. Mkia ukitoka, usukani mzuri hukimbia wenyewe kuelekea upande ambao gari linateleza, kama unavyofanya katika gari la kweli, na kazi yangu ni kuuacha upite mikononi kisha kuukamata. Kasi, idadi ya magari, uzuri wa machweo: hayo natazama baadaye, nikikumbuka.

Na tafadhali usipandishe nguvu ya mota hadi mwisho kwa sababu tu menyu inakuruhusu. Mota za G29 zinatoa takribani Nm 2 na ushee, Nm ikiwa kipimo cha nguvu ya kuzungusha. Fanatec ya mchezo wa Gran Turismo, ambayo usukani wake umefungwa moja kwa moja kwenye mhimili wa mota, inatoa Nm 5 au 8, na bei yake unaweza kununulia pikipiki. Mota ndogo ikidaiwa nguvu kuliko iliyo nayo hufanya kama redio ndogo iliyofunguliwa sauti yote: kila kitu kinakuwa kelele ya kimo kimoja, na kule kupungua kwa uzito tulikokuwa tunakusubiri hukusikii tena. Punguza hadi kona nzito kabisa ndiyo ifike kileleni. Mikono itazoea baada ya muda.

Turudi kwenye umeme na mega, maana hapa ndipo ushauri wa watu wa Ulaya unapoachana na maisha yetu.

Gran Turismo 7 ilitoka tarehe 4 Machi 2022, na kwa usukani ni mchezo mtamu. Tatizo ni kwamba karibu kila kitu ndani yake kinadai intaneti, hata ukiwa unacheza peke yako. Wiki mbili tu baada ya kutoka, sasisho moja liliharibika, seva zikazimwa kwa zaidi ya saa 30, na dunia nzima ikakaa inatazama menyu. Wenzetu walilalamika sana. Sisi tuliielewa hali hiyo mara moja, kwani ndiyo mwisho wa forfe ya mwezi, yaani kifurushi cha mega. Ongeza kwamba ukiuweka pamoja na masasisho yake unakula zaidi ya giga 100. Kama nyumbani una waifai ya kudumu, nunua, usisikilize maneno yangu mengine. Kama unaishi kwa mega za simu, tulia.

Kaka yake mkubwa, Gran Turismo Sport wa mwaka 2017, alipitia njia ya ajabu. Alizaliwa mtumwa wa intaneti, asiyeweza hata kuhifadhi mchezo bila seva. Seva zilipofungwa tarehe 31 Januari 2024, watengenezaji wake, Polyphony Digital, walimwachia huru: ukishaweka sasisho la mwisho, anahifadhi maendeleo yako bila mtandao. Kwa hiyo mchezo uliotangazwa kufa ndio ulioanza kutufaa. Utahitaji intaneti mara moja ya kupakua, kwa rafiki au kazini, kisha basi. Ndani yake mna shule ya udereva yenye masomo 48, mengi mafupi sana, na sijaona kitu kilichopangwa vizuri zaidi kwa mtu wa mji wenye umeme wa kukatikakatika. Somo moja, jaribu tena, pata shaba, pata fedha, umeme ukienda umepoteza dakika moja. Mbio za saa nzima ni shauri jingine. Michezo mingi huhifadhi mbio zikiisha, katikati hakuna kitu, na mtu aliyekatiwa umeme akiwa wa kwanza kwenye mzunguko wa mwisho si mtu wa kusemeshwa jioni hiyo. Chomoa na adapta ya usukani pia, umeme ukirudi huwa na hasira.

Humohumo kwenye Gran Turismo Sport mna Toyota Aqua, gari dogo ambalo hakuna mtu mwingine duniani angelichagua. Mimi nalichagua. Ukikaa kwenye kiti cha dereva, usukani uko kulia. Mji wetu tunaendesha upande wa kulia wa barabara huku nusu ya magari yakiwa na usukani kulia pia, yameletwa kutoka Japani kupitia Dar es Salaam, na mtu wa pembeni ndiye anayekuambia kama unaweza kulipita lori. Kuiona skrini kutoka upande huo kunanituliza. Na Aqua, kwa kuwa haina haraka, inakuonyesha kila kosa la mkono wako.

Asiyetaka intaneti kabisa namwelekeza kwa Assetto Corsa, toleo la konsoli la mwaka 2016. Waliotengeneza ni Kunos Simulazioni, Waitaliano wenye ofisi palepale kwenye uwanja wa mbio wa Vallelunga karibu na Roma, na mtu anahisi kwamba walikuwa wakitoka nje kusikiliza matairi. Menyu zake ni kavu kama fomu ya serikali. Hamna mvua, hamna usiku, na wapinzani wa kompyuta wana akili ya ng'ombe aliyeona gari. Lakini kwa kile ninachokitafuta mimi, yaani kuambiwa tairi ya mbele inafanya nini, diski hiyo ya zamani inashinda vitu vya bei mara nne. Mna hata Nordschleife ya Ujerumani, kilomita 20.8 za kona milimani, na mzunguko mmoja tu unatosha kuwa jioni nzima. Mdogo wake, Assetto Corsa Competizione, ana mvua, ana usiku, ana hata uwanja wa Kyalami wa Afrika Kusini kwa anayelipia nyongeza, na kwenye PlayStation 5 ni kito. Kwenye PlayStation 4 picha zinakwenda 30 kwa sekunde na usukani unaonekana kuchelewa. Wenye 4, kaeni na kaka.

Kuhusu diski, neno moja. Project CARS 2 ya mwaka 2017 iliondolewa kwenye maduka ya mtandaoni mwaka 2022, leseni za magari na viwanja zilipokwisha. Diski yake bado inacheza. Ukiikuta, ichukue, mvua yake inatuama kwenye madimbwi na usukani unayasikia. Ila diski peke yake si dhamana: The Crew ya mwaka 2014 ilikuwa nayo diski, na seva zilipozimwa tarehe 31 Machi 2024 plastiki ile ikawa ya kutundikia kunguru waogope mahindi. Uliza kwanza kama mchezo unaweza kusimama peke yake. Muuzaji hajui. Zima waifai na ujaribu.

Meza nitaipita haraka. Meza ya plastiki haifai, kiti chenye magurudumu hakifai kabisa, ukikanyaga breki unarudi nyuma mpaka mlangoni. Pedali za G29 zina meno ya kung'ang'ania zulia, na sisi tuna sakafu ya sementi. Piga ubao nyuma yake hadi ukutani. Fundi wa kuchomelea anayetengeneza mageti na madirisha barabarani anaweza kukuungia stendi ya bomba la mraba kwa bei ndogo kuliko usafiri wa stendi ya kuagiza. Mchoree vipimo vya kiti chako, usimwonyeshe picha ya Marekani, ataifuata.

Nimeiacha rali mwisho kwa sababu ndiyo jibu langu la kweli kwa swali lile la mwanzo.

Usukani mmoja katika nyumba yenye watu wengi ni chanzo cha ugomvi. Mpira unachukua wawili kwa pamoja, mbio za uwanjani zinamchukua mmoja kwa muda mrefu na wengine wanasinzia. Rali ni tofauti: kila mtu anapita barabara ileile, peke yake, dakika chache, na saa ndiyo inayohukumu. Zamu zinakuwa za haki, waliokaa wanacheka, na umeme ukienda matokeo yameshaandikwa kwenye karatasi. Tena ni barabara za udongo. Mikono yetu tayari inaijua lugha hiyo.

DiRT Rally ya kwanza, iliyofika konsoli mwaka 2016, ni kali isiyo na huruma, ina nchi sita tu za rali, na kwenye changarawe za Wales usukani unakusimulia kila jiwe. Kwa waliozoea tayari nawapa hiyo. Kwa nyumba yenye watoto natoa WRC 9 ya mwaka 2020, kazi ya KT Racing ya Paris, kwa sababu moja kubwa: ina Safari Rally. Naizungumzia nchi ya Kenya, ya Naivasha, si mtaa wetu wa Kenya hapa Lubumbashi, msije mkaitafuta nyuma ya soko letu. Mashindano hayo yalianza mwaka 1953, yakatoka kwenye ubingwa wa dunia baada ya mwaka 2002, na yalipangwa kurudi mwaka 2020 lakini korona ikayazuia. Hivyo watu waliikimbia Safari kwenye mchezo kabla magari ya kweli hayajarudi Naivasha mwezi Juni 2021, Sébastien Ogier aliposhinda. Kwa usukani ni barabara ya kipekee. Sehemu moja mchanga laini unauvuta usukani upande kama mtoto anayetaka pipi, mbele kidogo mawe yanaugonga, halafu mfereji wa zamani wa maji unaushika na haukuachii.

Baba mdogo, ambaye ameendesha malori ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia, tangu sijaanza shule, alikuja Jumapili moja akatukuta tunaicheza. Nilimkalisha kwanza kwenye Gran Turismo, kwa heshima, gari zuri, barabara nyeupe. Alipita kona mbili akasema, "Mwana, hii motoka haina uzito. Iko ya karatasi." Nikamwekea Safari. Wadogo zangu walikuwa tayari na simu zao wamrekodi akianguka. Hakuanguka. Alikwenda polepole kuliko sisi sote, usukani akiuzungusha mkono juu ya mkono kama anageuza trela, na kila palipokuwa na mfereji aliacha mafuta kabla msaidizi wa mchezo hajasema kitu. Aliuona udongo ulipobadilika rangi, alituambia baadaye, akashangaa kwamba sisi hatuuoni. Muda wake haukuwa wa kwanza, lakini aliwapita wawili waliokuwa na simu mkononi.

"Yaya, mwambie arudie," mmoja wa wadogo zangu akanishika bega mimi mkubwa wake, sasa anataka kujifunza.

Alirudia. Katikati ya kipande cha tatu aliniuliza kama hakuna mchezo wa lori la shaba, kutoka hapa hadi mpakani. Nikamwambia, "Baba, nani atanunua mchezo wa kulala kwenye foleni ya Kasumbalesa?"

"Sijui," alisema, macho yake hayajatoka kwenye skrini. "Mimi wananilipa kuucheza."